Dada wa Mashine: kisa cha IST iliyorudi na taa ileile

Gari liliingia Jumanne asubuhi, likatoka Jumanne jioni, likarudi Jumatano ya wiki iliyofuata na taa ileile ya injini imewaka. Kila gereji ya Dar es Salaam ina magari ya namna hiyo na kwa kawaida hayaandikiwi chochote. Unamwomba mteja radhi, unalifungua tena, unajipa moyo kwamba safari hii limepona. Hili nimeamua kuliandika kwa sababu jibu tulikuwa nalo tangu Jumanne ya kwanza. Lilikuwa kwenye simu ya binti aliyekuwa amekaa ndani ya gari, na hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi.

Nijitambulishe kidogo ili lawama zigawanywe sawasawa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kwenye ufundi magari. Gereji tunaiendesha wawili, mimi na mzee aliyenifundisha kazi. Nilianza kwa kuosha vyuma kwa petroli na kuagizwa chai. Mwaka mzima wa kwanza sikuruhusiwa kufungua kitu chochote kilichokazwa na boliti. Niliruhusiwa kufunga tu, tena mtu akiwa mgongoni kwangu anakagua. Kiswahili cha gereji kina neno spanaboi kwa anayejifunza kazi, na hakina neno la msichana. Basi mimi nilikuwa "dada", jina ambalo mteja akilisikia anadhani ndiye wa kumpa hela na kumuomba risiti. Habari ya choo tuliimaliza kwa kununua kufuli, nisiwachoshe nayo.

Binti alitujia kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuo cha VETA, akiwa ngazi ya pili ya ufundi magari, umri miaka 21. Siku ya kwanza alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi, vijana wakacheka mpaka wakaegemea magari ya watu. Wiki ya pili nikampa mashine ya kupimia, ile inayochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake inasema nini.

Nilikuwa na sababu zangu, na wakati ule niliziona nzuri. Nilijiambia mimi nimenuka petroli mwaka mzima, huyu asipite njia hiyo. Magari ya sasa yana kompyuta, anayejua kuisoma kompyuta ataheshimika mapema. Nikampelekea mzee wazo hilo, akakubali papo hapo. Hapo ndipo ningeshtuka, maana mzee hakubali jambo bila kupatana. Hata nazi anapatana. Vijana nao walifurahi. Hakuna aliyepokonywa spana, na kazi ya mashine ni safi, nyepesi, ya kukaa. "Inamfaa," walisema, na mimi nikaitika kwamba inamfaa.

Kuna jambo moja kuhusu mashine ambalo halionekani mpaka ukae nalo. Tundu la kuichomekea, lile lenye pini 16, liko chini ya usukani. Wamarekani walililazimisha kwa magari yao ya kuanzia mwaka 1996, Ulaya wakafuata na magari ya petroli mwaka 2001, na mahali pake pakawa hapohapo karibu na dereva ili mpimaji asihangaike. Kwa hiyo mpimaji anakaa kwenye kiti cha dereva. Waya hauvuki sana mlango. Mbele yake boneti limefunguliwa, limesimama kama ukuta, kioo chote kimezibwa. Mwenye mashine ndiye mtu pekee pale gerejini ambaye haoni injini.

Haukupita mwezi wakamwita Dada wa Mashine.

Gari lenyewe

Toyota IST, toleo la kwanza, injini ya 1NZ-FE yenye sentimita za ujazo 1,496. Anayeishi Dar hahitaji maelezo zaidi. Akisimama barabarani dakika mbili, IST tano zitampita. Mwenye gari ni mama anayeuza vitenge, na viti vya nyuma vya IST yake havijakaliwa na mtu siku nyingi. Malalamiko yake yalikuwa haya: taa ya injini imewaka, kwenye foleni gari linatetemeka, mafuta yanakwisha haraka, ila likishachanganya kasi halina neno.

Rudia hapo penye "likishachanganya kasi halina neno". Mimi nilipaandika kwenye daftari kwa mkono wangu kisha nikapapita.

Mama aliinama dirishani akamwambia binti, "Mwanangu, fundi yuko wapi?" Kwa upole kabisa, kama unavyomuuliza mtoto wa jirani baba yake kama yupo. Hadithi nyingi za wanawake mafundi zina mahali hapa ambapo msichana anainua kidevu na kujibu, "Fundi ndiye mimi." Binti hakusema hivyo. Alinyoosha kidole kwa mzee. Angesemaje ndiye yeye, na sisi tulikuwa tumeshaamua siye?

Mashine ikatoa namba P0171. Mafundi namba hizi tunaziita kodi, na kuna wateja ambao wakiambiwa gari lina kodi wanauliza TRA wamejuaje. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli umekuwa mwepesi, hewa imezidi. Injini ya petroli inataka kiasi cha gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kwenye ekzosti kuna sensa ya oksijeni inayonusa moshi. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi inaitaarifu kompyuta, na kompyuta inaongeza petroli kufidia. Kiasi inachoongeza kinaonekana kwenye mashine kwa asilimia. Iko trimu fupi, ambayo ni marekebisho ya papo hapo, na trimu ndefu, ambayo ni yale kompyuta iliyoyazoea na kuyaweka kichwani. Kwenye gari lisilo na kosa, trimu zinacheza karibu na sifuri. Kompyuta ikiona inaongeza na kuongeza hata inafika mwisho wa uwezo wake, inawasha taa.

Binti aliyajua yote haya; darasani wanafundishwa. Alichokisema kupitia dirishani kilikuwa hiki: "Mzee, sensa ya oksijeni inaonyesha hewa imezidi."

Sentensi hiyo nimeigeuzageuza sana tangu siku ile. Haina kosa. Lakini imeanza na sensa, na kwa fundi aliyesimama juani na magari manne yanamsubiri, jina la spea likishatajwa mwanzoni, maneno mengine yanakuwa moshi. Mzee alisikia "sensa ya oksijeni". Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikasikia vilevile. Kumbe sensa ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Ilileta habari, tukaikamata kama mwizi.

Msimuone mzee mbaya. Huyu ni mtu anayesikia konrodi inagonga kutoka getini, kabla gari halijazimwa. Amekulia kwenye kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, na kwenye kabureta mchanganyiko ukiwa mwepesi ulichukua bisibisi, ukageuza skrubu, ukasikiliza. Sensa zilipoingia zilikuja kwake kama spea, na spea hubadilishwa. Tena wauzaji wa spea wa mtaa wa Gerezani wanalijua hilo kuliko sisi. Mtajie sensa, kabla hujamaliza ameshaishika mkononi.

"Futa taa hiyo," mzee akamwambia binti.

"Mzee, ningeangalia data kwanza."

"Mwanangu, gari lina mwenyewe anasubiri."

Akafuta. Kabla hajafuta alipiga picha kioo cha mashine kwa simu yake, simu yenye ufa kuanzia kona hadi kona. Si kwamba alikuwa na mpango wowote. Gereji haina printa, na chuoni waliambiwa kila kipimo kiandikwe, basi yeye akawa anapiga picha kila gari. Vijana walidhani anaweka kwenye status.

Sensa ya mtumba ikaletwa kwa shilingi 70,000. Ufundi 30,000. Mashine 20,000. Mzee akasafisha plagi na throto, ambazo kweli zilikuwa chafu, kutetemeka kukapungua. Gari likazungushwa mtaani, taa haikuwaka. Mama akalipa, akatuachia na karanga.

Hapa niseme jambo la kiufundi, maana hapa ndipo gereji nyingi zinapojidanganya. Taa kutowaka baada ya kufutwa si dalili ya kupona. Ukifuta, trimu ndefu inarudi sifuri na kompyuta inaanza kujifunza upya, kama mtu aliyezinduka kwenye usingizi. Isitoshe kosa la aina hii haliwashi taa linapoonekana mara ya kwanza. Kompyuta inaliweka kiporo, na likijirudia safari nyingine ndipo inawasha. Kwa hiyo kila aliyekosea P0171 anapewa siku kadhaa za kujisifu. Sisi tulipewa nane.

Aliposhuka garini

Jumatano mama alirudi bila karanga.

Mzee alishakuwa na maelezo: sensa ya mtumba ni bahati nasibu, irudishwe Gerezani ibadilishwe. Ni maelezo yanayoingia akilini; nimewahi kuyatoa mwenyewe. Wakati anatafuta namba ya muuzaji, binti alichomeka mashine, akasoma, halafu akashuka. Hakuongea kutoka dirishani safari hii. Alikuja mpaka tulipo, akatuonyesha simu, kisha akatuonyesha kioo cha mashine.

Kompyuta ya gari inaporekodi kosa huhifadhi picha ya dakika ile: injini ilikuwa na mizunguko mingapi kwa dakika, maji yana joto gani, gari linakwenda spidi gani. Wengi wetu tunaipita hiyo kurasa kwa sababu ina namba nyingi na haitaji spea. Picha ya Jumanne kwenye simu yake ilisema: mizunguko 680, maji nyuzi 89, spidi 0, trimu ndefu +26.6, fupi +9.4. Ya Jumatano haikuachana nayo sana. Spidi 0 tena.

"Mzee, mara zote mbili gari lilikuwa limesimama," alisema. "Na mama alituambia likikimbia halina neno."

Mzee akavaa miwani. Akaangalia simu, akaangalia mashine. Akasema, "Sasa?"

Nilimwambia binti apandishe mizunguko hadi 2,500 tuone. Gari likiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, trimu ndefu ilikuwa +21.9 na fupi +10.2. Kwenye 2,500 ndefu ikashuka hadi +3.9 na fupi +1.6. Kipima hewa nacho, kinachohesabu hewa inayopita kwenye bomba kuingia injini, kwenye sailensi kilisoma gramu 1.5 kwa sekunde, wakati injini ya ukubwa ule ikishapata moto huwa inavuta gramu 2 hivi. Maana yake kuna hewa inaingia bila kupitia mlangoni.

Kama hujazoea namba hizi, chukua kijiko kimoja cha chumvi. Kitie kwenye kikombe cha uji, hakinyweki. Kitie kwenye sufuria la shughuli, hakuna atakayejua. Tobo dogo kwenye mpira wa hewa linaingiza hewa kiasi kilekile hivi wakati wote. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya tobo inaonekana nyingi mno. Ikikimbia inavuta nyingi, ya tobo inazama humo. Kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta dhaifu, mambo yangekuwa kinyume: sailensi lingetulia, likikamuliwa ndipo lingelia. Na sensa mbovu haichagui kuwa mbovu kwenye foleni tu.

Mzee alielewa kabla sijamaliza. Mtu wa kabureta anaijua hewa ya wizi kuliko sisi sote. Alisema tu, "Mpira huo," akageuka kumwita kijana akautafute.

Nikasema hapana, autafute yeye.

Waya wa mashine, kama nilivyosema, haufiki mbele. Ili mtu atafute tobo huku anaona trimu inavyocheza, lazima mwingine akae ndani amsomee. Basi tukamtia spanaboi kwenye kiti cha dereva, kijana mwenye mwaka wa tatu kazini, na mashine mapajani. Hakupenda. Binti akasimama mbele ya boneti na kopo la dawa ya kusafishia kabureta, gunia lililoloweshwa liko miguuni, kwa sababu dawa ile ikiangukia ekzosti ya moto inawaka na haikuombi radhi.

"Soma fupi."

"Kumi."

Akapuliza kidogo kwenye maungio ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye injini, upande wa kushoto. "Soma."

"Kumi. Kumi na moja."

Upande wa kulia. "Kumi." Mpira wa buta ya breki. "Kumi." Kijana alikuwa anasoma kwa sauti ya mtu anayehesabiwa siku za kifungo. Binti akashika mpira unaotoka kwenye kifuniko cha injini kwenda kwenye manifoldi, ule wa kurudisha mvuke wa oili, akausogeza kwa kidole, akapuliza chini ya pindo lake.

"Kumi... nane... heh! Moja! Dada, imekuwa moja!"

Kilichotokea ni kwamba tobo lilivuta ile dawa, dawa ikaungua kama petroli, kompyuta ikaona haina haja ya kuongeza. Sekunde chache baadaye ikapanda tena kumi. Binti akarudia, ikashuka tena. Akazima gari, akasubiri, akalegeza klipu kwa plaizi na kuutoa. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake akasema wanawake wanafaa kazi hizi kwa sababu wana mikono midogo. Aliutoa kwa plaizi, kama tunavyoutoa wote.

Ukiuangalia kwa juu mpira ulikuwa mzima. Alipoukunja, upande wa chini ulifunguka kama mdomo wa samaki, kidole cha mtoto kingeingia. Oili ilikuwa imeulainisha miaka mingi mpaka umekuwa laini kama gundi. Mpira mpya shilingi 7,000. Tulipoufunga, trimu fupi ikawa inacheza kati ya kuongeza mbili na kupunguza mbili, na mama alipokuja kuonyesha gari siku chache baadaye trimu ndefu ilikuwa +3.1. Gari halitetemeki.

Hela zilikwenda wapi

Hii ndiyo sehemu ninayotaka mafundi wenzangu waisome taratibu, hasa sisi wenye gereji tunaojisifu kuwa tumeajiri wasichana.

Jumanne ya kwanza mama alilipa 120,000. Sensa 70,000 ikaenda Gerezani. Ile 20,000 ya mashine iliingia kwenye sanduku la gereji, kwa sababu mashine ni mali ya gereji. Ile 30,000 ya ufundi, sehemu yake ni ya gereji na sehemu yake ni ya aliyeshika spana. Aliyesoma mashine alipata nauli, kama kawaida ya mwanafunzi. Lakini tuseme angekuwa si mwanafunzi, tuseme ameajiriwa. Angepata nini? Nilikaa na daftari la miezi mitatu nikakuta jibu ni nauli. Kwenye gereji zetu hela ya fundi inafuata spana. Mashine ina bei, ila bei hiyo ni ya mwenye mashine. Nilimpa binti kazi ambayo hata angeifanya kwa ufasaha wote, haikuwa na mahali pa kumlipa.

Jumatano hali ikawa mbaya zaidi. Gari lililorudi halilipiwi ufundi. Nikaamua mama arudishiwe ile 30,000, maana sensa yake ya zamani ilikuwa nzima, imefungwa kwenye gazeti ndani ya buti lake. Kwa hiyo siku ambayo binti alipatia, watu watatu walipoteza hela na yeye hakupata. Usitegemee shangwe kwenye gereji kwa kupatia kwa namna hiyo. Kijana aliyesoma namba hakuongea naye siku mbili.

Kuna kitu kingine kinachofuata spana, nacho ni namba ya simu. Kazi ya ufundi haimo kwenye cheti, imo kwenye simu za watu. Gari likimzimikia mtu usiku pale Ubungo hapigi simu gereji, anampigia fundi wake. Yule aliyemuona ameinamia injini, mikono imechafuka, akamwambia "mama, tatizo lilikuwa hili hapa" na kumwonyesha. Hakuna mteja anayehifadhi namba ya mtu aliyekuwa amekaa ndani ya gari na kompyuta. Fundi anayekaa miaka mitano bila namba yake kwenye simu za wateja ana umri kazini, hana kazi.

Tulibishana baadaye, mimi na mzee, kama angekuwa mvulana mambo yangekuwa hivyo. Mzee anasema ndiyo, mwanafunzi ni mwanafunzi. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni mdogo ila ninao. Mvulana ukimpa mashine atashuka. Atasoma namba, atatoka, atachomeka mkono kwenye injini bila kuulizwa, atakemewa, atabaki palepale. Binti naye alishawahi kushuka, nakumbuka mara tatu au nne. Hakuna aliyemkemea. Walimwambia, "Dada, utachafuka." Mtu amevaa ovaroli! Ukikemewa unaweza kubisha. Ukiambiwa utachafuka, na aliyekuambia anatabasamu, unarudi kukaa.

Bertha Benz, mke wa Karl Benz mtengenezaji wa magari wa Ujerumani, mwezi wa Agosti 1888 alichukua gari la mume wake na watoto wao wawili wa kiume, akatoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukaisha ngozi, akauzungushia mkanda wa soksi. Breki zikalika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta alinunua duka la dawa njiani, mji wa Wiesloch. Ninachompendea ni kwamba aliyeona tatizo na aliyeligusa alikuwa mtu mmoja. Hakutoa taarifa dirishani.

Tulipofika

Tulibadilisha mambo mawili, na la kwanza lilikuwa rahisi. Sasa yeyote anayesoma mashine anataja kwanza hali, kisha kipimo, na spea ni marufuku kutajwa mpaka kipimo kiishe. "Hewa imezidi gari likisimama, likikimbia inapungua, nataka kuangalia mipira." Mzee mwanzoni aliiita sala. Siku hizi anaidai.

La pili lilituchukua majuma. Nilitaka anayepima gari alifuate mpaka mwisho: ashuke, atafute, afungue, na akishirikiana na mwingine wagawane ufundi. Mzee akauliza swali la haki kabisa, kwamba kijana aliyefungua boliti arobaini kwa nini agawane na aliyebonyeza vitufe. Jibu langu lilikuwa kwamba naye atafungua boliti, na kijana naye atakaa na mashine. Hapo ndipo vijana walipochachamaa. Mashine waliyokuwa wanaiona nyepesi, kumbe hawakutaka kukalishwa nayo. Mmoja alisema waziwazi kwamba ukikaa humo ndani unasahaulika. Nikamwambia ahsante, nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kulisema hilo.

Mgao haukuwa nusu kwa nusu kama nilivyotaka. Ni theluthi kwa aliyepima endapo hakufungua, nusu endapo alifungua. Kuna siku unagombaniwa.

Binti alimaliza mafunzo, akarudi chuoni, akahitimu, akaja kuomba kazi. Miezi ya kwanza alikuwa anaharibu vitu, kama watu wote: alikaza plagi ya oili mpaka ikala nyuzi, na siku moja aliacha kitambaa juu ya injini kikaliwa na feni belti. Tulimkata hela. Amejinunulia kidude cha bei nafuu cha kuunganisha na simu, ambacho magari mengine ya Kijapani ya miaka ya nyuma hayataki kabisa kuongea nacho, basi Ijumaa anaazima mashine yetu kwenda kupima magari ya watu majumbani. Ovaroli bado anaipiga pasi.

Mama wa vitenge alibadilisha mipira mingine miwili mwezi wa saba. Hakupitia kwangu wala kwa mzee. Siku hiyo nilimkuta amesimama kando ya IST yake anaongea na simu, na kwenye kioo nikaona jina alilolihifadhi: "Fundi binti mpira".

Juzi mzee amenivuta pembeni, uso umekunjamana, akaniambia yule binti anatuibia wateja. Malalamiko hayo nimemsikia akiyatoa juu ya kila fundi aliyepita pale gerejini. Aliponitolea mimi, mwaka wangu wa sita, nilikwenda kujinunulia soda.